Vifungo vya Kaka

Jumanne, 4 Julai

Wifi,

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Tangu macho yake yaingie ukungu, kaka yako amekuwa na masikio ya popo. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na pazia katikati. Nikikohoa jikoni yeye ananiuliza kutoka sebuleni kama nimekunywa dawa. Basi soma, ufute, na ukimpigia jioni ujifanye hujui lolote.

Kwanza habari njema. Hospitali wametupa tarehe. Tarehe mbili Agosti watamtoa mtoto wa jicho upande wa kulia, na kesho yake watafungua bandeji. Kushoto kutafuata baadaye. Fundi wa kuchomelea mageti aliyekaa miaka miwili bila kushika kazi, ungedhani kitu cha kwanza atakachotaka kukiona ni geti, au basi hata mimi mkewe. Wapi. Alimwambia daktari mbele yangu, "Cha kwanza nataka kuona vifungo vyangu." Daktari wa watu akamwangalia shati.

Habari mbaya ni kwamba vifungo vimekufa, na niliyeviua ni mimi.

Lile tumbawe la kwenye tangi lake la kioo unalikumbuka. Alilinunua mwaka tuliooana, likiwa na vifungo vitatu tu juu ya kijiwe, na miaka tisa baadaye vilikuwa arobaini na kitu. Sijui kwa nini siku zote uliviona ni maua. Kila kimoja ni mnyama, wifi. Ana mdomo katikati, rangi ya chungwa, na pembeni duara la vidole vya kijani. Asubuhi taa ikiwaka vinafunguka kimoja kimoja, polepole, kana kwamba kuna mtu ndani anavaa koti. Nimeshona miaka ishirini, vifungo nimeshika maelfu, lakini mbele ya vile vya tangini nilikuwa nasimama na chai yangu mpaka inapoa.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwezi uliopita nilikuwa na sare za shule sitini za kupiga pasi, na soketi ya karibu na meza ni moja. Nikachomoa plagi ya kile kifaa cha kupasha maji joto, nikachomeka pasi. Sikukumbuka kuirudisha kwa siku mbili, na ilikuwa wiki ile ya baridi. Samaki walivumilia. Vifungo vilifumba, vikawa vyeupe, vikaoza.

Yeye haoni. Anachokiona ni mwanga wa taa na ukungu. Kila jioni anaweka kigoda chake mbele ya tangi, anachovya kidole majini kama alivyozoea, ananiuliza, "Vipi vifungo leo?" Nami namwambia vyote viko wazi. Siku nyingine natia chumvi, namwambia pembeni kuna kifungo kichanga kinachungulia. Anacheka peke yake pale gizani mwake, wifi, na mimi nageuka nakwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Nimegundua vipande vya matumbawe vinauzwa mtandaoni, vinaletwa mpaka mlangoni. Lakini picha zenyewe zinang'aa mno, naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe kazi yako ni kurekebisha picha za watu studio. Nimeambatanisha tatu. Niambie ipi ya kweli, maana nina wiki nne tu.

Wifi yako,
Sindano


Alhamisi, 6 Julai

Sindano,

Pole, na hongera ya tarehe. Sasa tuyaangalie mambo yako kwa zamu.

Picha ya kwanza ni uongo. Angalia ukingo wa tumbawe, kuna mstari mwembamba wa mwanga umelizunguka. Hiyo hutokea mtu akivuta rangi ya kitu kimoja akasahau kulainisha mpaka wake. Ya pili ni uongo zaidi. Kuna samaki nyuma, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kama wenu. Kwenye picha amekuwa wa waridi. Aliyepandisha rangi kapandisha kila kitu kwa pamoja, na samaki wa watu hana wa kumtetea. Ya tatu huenda ni tumbawe la kweli, lakini si la huyo muuzaji. Kule pembeni chini mchanga umepakazwa kama ugali kwenye sahani. Palikuwa na jina la duka jingine, likafutwa.

Nikufundishe jambo moja, mengine yatakuja yenyewe. Usiangalie kinachouzwa, maana hicho ndicho kilichopakwa. Angalia vilivyo pembeni, ambavyo hakuna aliyevijali. Mchanga ni mweupe au una buluu? Kile kijiwe wanachogandishia kipande huwa cheupe. Kikiwa cha zambarau, ujue na tumbawe limekunywa rangi hiyo hiyo. Kama kuna kidole cha mtu, je, ni kidole cha mtu aliye hai?

Lingine. Chini ya taa ya buluu tupu matumbawe huwaka yenyewe, bila mtu kuyagusa. Hilo si udanganyifu, ila nawe hutaishi ndani ya taa ya buluu. Mwombe muuzaji picha ya taa nyeupe, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa pembeni. Mkweli atapiga, hata kama atanung'unika.

La mwisho hujaniuliza. Mwambie kaka. Mficha uchi hazai. Yule mtu hakuwahi kukugombeza hata siku ulipomwunguzia suti ya harusi.

Wifi yako,
Fundi Picha


Jumanne, 11 Julai

Wifi,

Hili la kuangalia pembeni mbona nalijua, nilikuwa tu sijalijua kwenye picha. Kitambaa nikikipenda dukani huwa sikiamini mpaka nikipeleke mlangoni kwenye jua. Taa za madukani zinampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi nimewaandikia wauzaji sita. Wanne kimya. Mmoja kaniuliza kama mimi ni polisi. Wa sita ndiye huyu, picha nimeiambatanisha, na naomba ukae kwenye kiti kabla hujaifungua. Vifungo tisa, kijani pembeni, chungwa katikati, kama vile vimekatwa kwenye vyetu. Nimekagua kama ulivyosema. Mchanga ni mweupe, kijiwe ni cheupe na kina ufa mdogo, samaki ni chungwa safi. Tumbawe lenyewe safi, halina hata doa. Nimeiangalia mpaka simu ikazima.

Anasema kinachoonekana pichani ndicho kitakachokuja, kijiwe hicho hicho. Picha nyingine hana, kipande kimebaki kimoja na watu wanakigombania. Nataka kulipa kesho.

Kuhusu kumwambia, niache. Leo jioni ameniuliza kama kile kichanga kimekua. Ningemjibu nini?

Sindano


Jumanne, 11 Julai, usiku

Usinunue hicho. Usiniulize kwa nini, niamini tu. Tafuta kingine, nitakusaidia kukitafuta.

F.P.


Alhamisi, 13 Julai

Wifi,

Nimenunua.

Umenifundisha mwenyewe pa kuangalia, nimeangalia, pote peupe. Halafu unaniambia nisinunue na nisiulize. Mimi ni mtoto? Tangu nimeolewa katika ukoo huu umekuwa ukijua kila kitu kunizidi, kuanzia chumvi ya mboga mpaka upana wa pazia, na nimekaa kimya kwa sababu ni heshima. Safari hii aliyeviua vifungo ni mimi, na atakayevirudisha ni mimi.

Sindano


Jumamosi, 22 Julai

Wifi,

Kimefika jana. Kijiwe ni kile kile, na ufa wake. Juu yake kuna vifungo tisa vya rangi ya kahawia, kahawia ya sare za mgambo, vina kijani kidogo pembeni ukitafuta sana. Katikati hakuna chungwa, hata la kusingiziwa. Na kijiwe chote kimejaa vidoti vyeupevyeupe, kama mtu kakung'utia majivu.

Nimekiweka tangini hivyo hivyo, nikakaa chini jikoni nikalia na kitambaa mdomoni ili asisikie. Siku kumi na mbili zimebaki. Atafungua jicho aone uchafu mahali pa vifungo vyake.

Ulijua. Mchanga mweupe, samaki salama, kijiwe salama, na wewe ulijua kwa kutupia jicho mara moja. Niambie ulijuaje.

Sindano


Jumapili, 23 Julai

Wifi yangu,

Nilijua kwa sababu picha ile niliitengeneza mimi.

Studio haina wateja kama zamani, kila mtu anajipiga picha mwenyewe. Tangu mwaka jana nachukua kazi za maduka ya mtandaoni, viatu, masufuria, mapazia, chochote. Wanaleta mafungu ya picha mia, nasafisha, narudisha. Fungu la matumbawe lilikuja katikati ya Juni, kama wiki tatu hivi kabla hujaniandikia. Walisema yapewe uhai. Nikayapa. Chungwa lile la katikati nililichovya kwa mkono, kifungo kimoja kimoja, na nilijisifu moyoni. Mchanga na samaki sikuvigusa, kwa kuwa najua watu makini huangalia pale. Ulipokagua ukakuta pote peupe, ulikuwa unakagua kazi ya mwalimu wako.

Ulipoileta niliitambua kabla sijafikiri. Nina tabia moja mbaya ya kazi. Nikitaka kuziba mahali, huchukua kipande kutoka kona ya chini kushoto, siku zote kona hiyo hiyo. Angalia chini ya kijiwe, kuna viputo viwili vya hewa vinavyofanana kabisa, hata mmeremeto wake. Maji hayatengenezi viputo pacha. Cha pili ni changu.

Na vile vidoti vyeupe vilikuwepo. Nilihesabu kumi na moja, nikaona ni uchafu, nikavifuta vyote. Nimefuta vumbi kwenye mashavu ya maharusi miaka kumi na tano, wifi, mkono unakwenda wenyewe.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Niliona aibu, nikaificha kwa kukuamrisha, kama kawaida yangu, na hapo umesema kweli. Nimewaandikia wenye duka waitoe picha na wasiniletee kazi tena. Najua haikusaidii kitu.

Mwambie kaka kabla ya bandeji. Kama unaogopa, sema ni mimi.

Fundi Picha


Ijumaa, 4 Agosti

Wifi,

Nimekaa siku kumi na mbili bila kukujibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni kushona nguo, lakini hili sikuliona linatoka wapi. Nilikuwa naandika, nafuta. Baadaye nikajiuliza, na mimi je? Wewe ulipaka picha moja bila kujua itafika kwa nani. Mimi nimempakia mume wangu picha kwa mdomo kila jioni, mwezi na zaidi, nikijua kabisa anayetazama ni nani. Basi nimenyamaza.

Bandeji ilitoka jana. Alipepesa, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, nikaanza kuona haya kama mwari. Akasema, "Kumbe ulinenepa, na hukuniambia." Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Njiani alikuwa anasimama kila hatua kumi. Anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Anaangalia majani ya mti mmoja mmoja. Nilikuwa nimepanga kumwambia njiani, nikashindwa. Ungemwona uso wake nawe ungeshindwa.

Tulipofika hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kigoda, akachovya kidole, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mkoba. Muda aliokaa hivyo, chai iliyokuwa kwenye chupa ningeweza kuinywa yote. Mwisho nikasema, mume wangu, vile vilikufa, nilivigandisha kwa baridi, hivi ni vingine na nimedanganywa.

Hakugeuka. Akasema, "Najua vilikufa. Nilichovya kidole maji yakawa baridi, siku mbili mfululizo."

Nikamwuliza, sasa mbona kila jioni ulikuwa unaniuliza? Akanijibu kwamba alitaka kusikia. Akasema nilipokuwa nasimulia alikuwa anaviona vizuri kuliko alivyoviona alipokuwa na macho, na asingekubali kuvipoteza mara mbili.

Wifi, nilikaa sakafuni pale pale, nikaegemea goti lake.

Nimemweleza na habari yako yote, usinikasirikie. Ameguna tu. Ila tangu jana hatoki kwenye lile tangi, hata chakula anakula pale, na lenzi yake ya zamani ya kuangalia nyufa za vyuma haimtoki mkononi. Ananiambia tuliza moyo, bado naangalia. Anasema umtumie ile picha kama ilivyokuwa kabla hujaigusa. Ukiwa nayo.

Wifi yako,
Sindano


Jumamosi, 5 Agosti

Wifi,

Picha ya awali ninayo, hiyo hapo nimeiambatanisha. Mwambie kaka ni chafu, na kwamba naomba radhi. Sikuigusa hata nukta.

F.P.


Alhamisi, 10 Agosti
(kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari, imefika kwa posta)

Kitindamimba,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwa miaka miwili. Ukiona mistari inapanda mlima usicheke, mkono umesahau njia. Wifi yako alitaka aniandikie, nikamkataza. Nataka kuona wino unavyotoka.

Nianze na macho. Nilidhani nitaona kama zamani. Sivyo. Kumbe ule ukungu ulikuwa unaingia kidogo kidogo miaka mingi, ukinipaka kila kitu rangi ya chai, na mimi sikujua. Sasa buluu imerudi. Sikukumbuka kwamba kuna buluu namna hii duniani. Juzi nilisimama nje nikatazama juu mpaka jirani akauliza kama kuna ndege imepotea. Jicho la kushoto bado lina mtoto wake, kwa hiyo nafumba moja, nafungua jingine, naona dunia mbili. Nakaa nafanya hivyo kama mjinga.

Sasa vifungo. Wifi yako anavionea huruma, anasema ni kahawia. Ni kahawia ukiwa na haraka. Ukikaa navyo chini ya taa yao, ile kahawia ina vumbi la dhahabu ndani yake, na vidole vya pembeni vina kijani ambacho hakitulii, kinakuja na kwenda. Zamani nilikuwa nachomelea, nikivua ile barakoa naona chuma kinapoa kutoka weupe kwenda wekundu, nilidhani hakuna rangi nzuri kupita ile. Nimebadilisha mawazo. Kwa hiyo usijilaumu kwa lile chungwa lako. Lilikuwa zuri. Halikuhitajika tu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya rangi. Nimekuandikia kwa ajili ya uchafu wako.

Nimeiweka picha uliyotuma, ile ambayo hukuigusa, pembeni ya tangi, nikashika lenzi. Vile vidoti kumi na moja vipo pichani na vipo kwenye kijiwe, kila kimoja mahali pake. Siku ya kwanza nilidhani ni chembe za mchanga. Siku ya tatu, asubuhi taa ilipowaka, kimoja kilitikisika. Nikasogeza lenzi. Katikati yake palikuwa na tundu, dogo kuliko ncha ya sindano ya mke wangu, na kuzunguka tundu vilitoka vidole. Nilivihesabu mara nne. Ni vifungo, mdogo wangu. Vichanga. Mama zao wanavitoa kiunoni, vinasogea pembeni, vinaanza.

Nilimwita wifi yako nikampa lenzi. Aliangalia, akaniangalia, akaangalia tena. Ndipo akasema polepole, "Hicho cha pembeni ndicho nilichokuwa nakwambia." Nilikuwa nimesahau. Jioni nyingine, alipoona nimenyong'onyea, alikuwa ananiambia kuna kichanga kinachungulia pembeni. Alikuwa anakitunga, mwenyewe amekiri. Na sasa kipo pale pale alipokiweka, pembeni, upande wa kulia, chini kidogo ya ule ufa wa kijiwe. Sijui nikwambie nini kuhusu hilo. Nimelifikiri nikiwa nimelala na nikiwa macho.

Sikugombezi. Wewe ulitazama ukaona vumbi, mke wangu alitazama akaona majivu, na mimi mwenye tangi nilikuwa navyo arobaini kwa miaka tisa na sikuwahi kuona hata kimoja kikizaliwa. Nani kati yetu amnyooshee mwenzake kidole?

Ila adhabu yako ipo. Ulifuta kumi na moja. Hadi leo asubuhi vinne vimefunguka, vimebaki saba. Njoo kabla havijafunguka vyote, utalala sebuleni, kigoda nitakuachia. Kompyuta iache huko huko.

Kaka yako